Shajara ya maabara: kompyuta 11, matabaka matatu na folda iliyofufuka

Jumamosi, 8 Machi 2025

Tangu Januari, kila Ijumaa nabaki maabara mpaka magharibi nikipanga upya kompyuta zile zile 11. Wiki hii mipangilio imebadilishwa, wiki ijayo programu imefutwa, wiki inayofuata umeme umekatika katikati ya somo na mashine mbili zimegoma kuwaka. Wanafunzi hawana kosa. Kompyuta ya kujifunzia lazima iguswe, ifunguliwe, hata iharibiwe. Mtoto anayeogopa kubofya hajifunzi kitu. Ninachotaka ni mashine ambayo mwanafunzi anaweza kuifanyia lolote, ikizimwa na kuwashwa tena iwe kama ilivyokuwa asubuhi.

Usiku huu baada ya futari nimeanza jaribio dogo kwenye laptop yangu. Linux ina mfumo wa faili unaoitwa overlayfs. Umo ndani ya kerneli rasmi, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 3.18 la Desemba 2014, na mwandishi wake ni Miklos Szeredi. Wenyewe haushiki diski yoyote. Unachukua folda ambazo tayari zipo, unazipanga moja juu ya nyingine, kisha unakuonyesha folda moja.

mkdir chini juu kazi pamoja
echo "toleo la zamani" > chini/barua.txt
echo "ya Jumatatu" > chini/ratiba.txt
mount -t overlay overlay -o lowerdir=chini,upperdir=juu,workdir=kazi pamoja

Ndani ya "pamoja" naona mafaili yote mawili. Ndani ya "juu" hakuna kitu. Nikafungua barua.txt kupitia "pamoja", nikaongeza mstari mmoja, nikahifadhi. Sasa "juu" ina barua.txt nzima, mstari wa zamani na mpya, na ile iliyo "chini" haijabadilika hata herufi. Kabla sijaandika, kerneli ilichukua nakala ya faili zima na kuipandisha tabaka la juu, ndipo ikaniruhusu kuandika. Tangu hapo barua ya chini imefunikwa. Ipo, lakini ukipita "pamoja" huioni.

Folda peke yake ndizo huunganishwa. Kama folda yenye jina moja ipo juu na chini, majina yaliyomo hukusanywa kutoka pande zote mbili. Mafaili hayachanganywi kamwe: jina likigongana, la juu ndilo linaloonekana. Nalisisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe miaka mingi nilidhani "kuunganisha" maana yake ni kumimina vyote kwenye chungu kimoja.

Kisha nikafuta ratiba.txt. Hili ndilo lililonikosesha usingizi kwa furaha. Tabaka la chini haliguswi, sasa faili linafutwaje? Nikachungulia ndani ya "juu" kwa ls -l na kukuta kitu kipya kinachoitwa ratiba.txt. Si faili. Mstari wake unaanza na herufi c, ruhusa zote ni vistari vitupu, na pale ambapo ungetarajia ukubwa pameandikwa 0, 0. Ni kifaa cha herufi, yaani alama ambayo Linux huitumia kuwakilisha kifaa kama kibodi, ila hiki kina namba ambazo hakuna kifaa halisi kinachozitumia. Overlayfs ikikutana nacho inajua: jina hili, jifanye hukuliona huko chini. Yaani kufuta ni kuongeza kitu. Faili ambalo liko juu tu, ambalo chini halikuwahi kuwepo, lenyewe huondolewa kwa kawaida bila kuacha alama.

Jumapili, 9 Machi

Nimepitia historia kidogo, nijue ninajenga juu ya nini. Wazo ni la zamani. Mfumo wa uendeshaji wa Plan 9 wa Bell Labs ulikuwa na folda za muungano, na mfumo mwingine, 4.4BSD, ulikuwa na namna yake. Upande wa Linux, Erez Zadok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stony Brook walitengeneza Unionfs, na Knoppix ya mwaka 2005, Linux ya kwenye CD, ikaitumia ili mtu awashe kompyuta kwa CD na bado aweze "kuandika" kwenye CD isiyoandikika. Mwaka 2006 Junjiro Okajima alianza aufs, iliyobeba Slax (Linux nyingine ya kubebeka) na baadaye Docker ya mwanzo (programu ya makontena), lakini haikuingia kwenye kerneli rasmi. Overlayfs ilipita kwa kuomba kidogo: tabaka moja tu la juu ndilo linaloandikwa, mengine yote ni ya kusoma. Mwanzoni ilikubali tabaka moja la chini, na kuanzia kerneli 4.0 ya mwaka 2015 ikakubali mengi.

Kilichonipa moyo kuliko vyote ni OpenWrt, ile programu ya ruta. Mfumo wake mkuu umebanwa ndani ya squashfs, mfumo wa faili uliobanwa na usioandikika, na mabadiliko ya mwenye ruta yanakaa kwenye tabaka la juu. Ukitaka kuirudisha kama mpya, unafuta tabaka la juu, basi. Ruta inachomolewa ukutani mara ngapi kwa mwaka? Kama mpango huu unahimili maisha ya ruta, utahimili umeme wetu.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi halisi imeanza. Nimesimika Debian 12, aina ya Linux, kwenye mashine moja, nikaweka kila tunachohitaji, nikaisafisha, kisha nikaibana yote kuwa faili moja la squashfs. Kutoka GB 4.6 imefika GB 1.4 kwa ubanaji wa xz. Nikajaribu pia zstd: GB 1.6. Nimechagua zstd bila kusita, kwani mashine hizi ni kongwe na kufumua xz kunazielemea. LibreOffice ilichukua sekunde 31 kufunguka kwa xz na sekunde 19 kwa zstd. Mbele ya darasa la watoto 40, sekunde 12 ni nyingi.

Mpangilio wa kila mashine ni huu. Chini kabisa kuna "msingi", yaani mfumo wenyewe. Juu yake kuna "masomo": kamusi, ramani, mazoezi, pamoja na mipangilio ya shule. Juu ya yote kuna tabaka la kuandikia, ambalo kwa mwanafunzi ni tmpfs, yaani liko ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda) na hupotea umeme ukikatika. Skripti fupi ndani ya initramfs, ule mfumo mdogo wa kuwashia, inapachika haya yote kabla mfumo haujaamka.

Nilipoteza saa nzima kwa alama ya nukta mbili (:). Niliandika lowerdir=msingi:masomo nikidhani mpangilio unasomwa kama jengo, msingi kwanza. Sivyo. La kushoto ndilo la juu. Mipangilio ya shule ilikuwa imefunikwa na ya Debian, nami nikawa natafuta kosa ndani ya faili ambalo halikuwa na kosa. Sahihi ni lowerdir=masomo:msingi.

Mwenzangu wa maabara alipendekeza tabaka la juu la walimu likae kwenye flashi, kila mwalimu atembee na lake. Wazo zuri, ila flashi zetu zote zina mfumo wa faili wa FAT na kerneli ilikataa kupachika. Sababu yake inaeleweka ukishaona kile kifaa cha 0, 0: FAT haina mahali pa kuweka kitu kama hicho, wala haina sifa za ziada za faili ambazo overlayfs huandikia kumbukumbu zake. Tabaka la juu linataka mfumo wa faili kamili, kama ext4. Basi walimu wamepewa sehemu ya diski ya GB 10 kwenye mashine mbili za mbele, na kazi zao hazipotei.

Kuhusu folda ya "kazi", ile ya workdir: watu huiona kama usumbufu, na nimeshaulizwa kwa nini isifutwe. Humo ndimo nakala huandaliwa. Faili linapopandishwa, linanakiliwa kwanza "kazi", na likishakamilika ndipo linahamishiwa "juu" kwa tendo moja la kubadilisha jina. Umeme ukikatika katikati, "juu" haibaki na nusu faili. Ndiyo maana "kazi" na "juu" lazima ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili: kubadilisha jina hakuvuki kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza na wanafunzi. Kidato cha pili, vipindi viwili.

Nusu saa ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Niliwaambia: leo futeni mnachotaka. Walishangaa, kisha wakafuta. Mmoja alifuta folda nzima ya ramani, nikamwambia azime na kuwasha. Ramani zikarudi, darasa likapiga makofi.

Halafu nikawaambia wafungue kamusi elezo. Mashine ya kwanza ikawa nzito, ya pili ikaganda, na kabla sijafika kwenye ya pili mtoto wa nyuma akaita, "Mwalimu, imeandika hakuna nafasi." Ndani ya dakika tano mashine saba zilikuwa zimesimama. Nikazima zote, tukamalizia kipindi ubaoni.

Mchana nilirudi peke yangu. Nikawasha moja, nikatazama ukubwa wa tabaka la juu: MB 212. Mtu hajagusa kitu. Nikafungua kamusi elezo, nikatazama tena: MB 852. Nikatafuta mafaili makubwa:

find juu -size +50M

Likatoka moja, hifadhidata ya kamusi elezo, MB 640. Nikalilinganisha na lile la tabaka la masomo kwa cmp. Hakuna tofauti hata baiti moja. Hakuna aliyeandika kitu, ila faili zima limepandishwa kwenye RAM.

Maelezo yake nimeyachora ubaoni, na sikuyafuta. Programu ya kamusi elezo hutumia SQLite, programu ya kusimamia hifadhidata. SQLite isipoambiwa vinginevyo hufungua hifadhidata kwa kusoma na kuandika, hata kama kazi yake ni kusoma tu. Overlayfs nayo haisubiri uandike. Faili likifunguliwa tu kwa nia ya kuandika, hapo hapo inapandisha nakala, na inapandisha lote. Mashine zetu zina RAM ya GB 2, na tmpfs isipopangiwa ukubwa hujiwekea kikomo cha nusu ya RAM. Toa MB 640 kwenye GB moja hiyo, toa na zile 212, kinachobaki ni kidogo sana. Na RAM hiyo hiyo ndiyo programu zote zinaigombania.

Tiba: hifadhidata nimeitoa kwenye muungano. Nimeitengenezea squashfs yake yenyewe, inapachikwa kando kwa kusoma tu. SQLite ikijaribu kuifungua kwa kuandika, kerneli inakataa, nayo inarudi kuifungua kwa kusoma bila kulalamika. Nimejaribu mara kumi. Tabaka la juu halikuongezeka.

Na zile MB 212 zilizokuwepo kabla ya yote? Nikazifuata. Skripti ya kuwasha ilikuwa na mstari wa chown -R, amri ya kubadilisha mmiliki, kwenye folda ya mwanafunzi, nilioupachika zamani kwa ajili ya usalama. Mmiliki alikuwa sahihi tayari, hakuna kilichobadilika, lakini kwa overlayfs kubadilisha mmiliki ni kubadilisha faili, na faili likibadilika lazima lipande. Kila asubuhi mashine za wanafunzi zilikuwa zinanakili mazoezi yote kwenda RAM bila faida. Vivyo hivyo kwa chmod (ya kubadilisha ruhusa) na touch (ya kubadilisha tarehe). Mstari nimeufuta, na tabaka la juu baada ya kuwasha sasa ni MB 9.

Ipo chaguo ya metacopy, tangu kerneli 4.19, inayopandisha taarifa za faili tu na kuacha mwili chini mpaka uandikwe kweli. Ingefaa kwa chown. Nimeiacha kwa sasa. Nataka nikifungua tabaka la juu nione mafaili kamili, nijue kila kitu kiko wapi bila kukisia.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzima bila kubaki Ijumaa. Umeme umekatika mara nne siku ya Jumatano peke yake. Mashine zote ziliwaka.

Jambo dogo: kuhamisha folda iliyo kwenye tabaka la chini ni kazi nzito. Mwanafunzi alibadilisha jina la folda ya ramani na mashine ikachelewa sana. Overlayfs inaiambia programu kwamba folda hiyo haihamishiki, kana kwamba iko diski nyingine, na programu inalazimika kunakili kila kilichomo na kufuta cha zamani. Ramani zote zikapanda RAM. Nimeondoa ruhusa ya wanafunzi kwenye folda hiyo.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikukuu imekwisha, tumerudi, na leo nimejifunza kuliko siku zote za mradi huu.

Wakati wa mapumziko nilibadilisha diski ya mashine ya mwalimu wa jiografia, maana ilikuwa inatoa mlio. Tabaka lake la juu nililifungasha kwa tar, amri ya kukusanya mafaili kuwa furushi moja, nikalifungua kwenye diski mpya, nikawasha, nikaona kazi zake zipo. Leo asubuhi kanikuta mlangoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo. Zile ramani nilizozitupa zimerudi. Umezitoa wapi?"

Kwenye skrini ilikuwa folda ya Ramani. Mwezi uliopita aliifuta yote kwa sababu ramani za kwenye tabaka la masomo zilikuwa na mipaka ya zamani ya mikoa, akatengeneza folda mpya kwa jina lile lile na kuweka zake sita. Sasa zimo 20: zake sita, pamoja na 14 alizozifuta. Na zina majina yanayokaribia kufanana, hivyo alikuwa amekwisha kuchapisha ramani isiyo sahihi kwa ajili ya kidato cha nne.

Kilichonitatiza ni kwamba mafaili mengine aliyoyafuta, moja moja, yalikuwa yamebaki yamefutwa. Vile vifaa vya 0, 0 vilikuwepo kwenye diski mpya, nimevihesabu. Kwa nini folda moja ifufuke na mengine yasifufuke?

Nilikaa nayo mpaka saa nane mchana. Jibu liko kwenye namna folda inavyofutwa na kuundwa upya. Ukiifuta folda ya chini, overlayfs inaweka alama ya 0, 0 mahali pake. Ukiunda nyingine kwa jina lile lile, alama haiwezi kubaki, kwa sababu jina moja haliwezi kuwa alama na folda kwa wakati mmoja. Inawekwa folda ya kweli. Lakini folda ya juu na ya chini zenye jina moja huunganishwa, na hilo ndilo lisilotakiwa. Kwa hiyo folda mpya inabandikwa sifa ya ziada, trusted.overlay.opaque, thamani yake herufi y. Maana yake: ishia hapa, usitazame chini. Ni tofauti ya kioo na ubao. Folda ya kawaida ni kioo, unaona kilicho nyuma yake. Yenye sifa hii ni ubao.

Na tar, nilivyoiendesha, haikubeba sifa za ziada. Vifaa ilivibeba, folda iliibeba, ile y iliiacha kwenye diski ya zamani. Ubao ukageuka kioo, na ramani 14 ambazo muda wote zilikuwa tabaka la chini zikaonekana tena. Hazikutoka popote.

Nikiwa root, yaani mtumiaji mkuu, mashine imezimwa na kuwashwa kwa flashi ili muungano usiwe umepachikwa:

getfattr -n trusted.overlay.opaque Ramani
setfattr -n trusted.overlay.opaque -v y Ramani

Amri ya kwanza ilisema sifa hiyo haipo. Nikaiweka kwa ya pili, nikawasha kawaida. Ramani sita. Mama alizihesabu kwa kidole kwenye skrini, moja mpaka sita, akasema sawa. Nimemwomba radhi kwa ile karatasi aliyochapisha.

Mtu wa kawaida haoni sifa za trusted hata akiziuliza, lazima awe root. Ndiyo maana nilipokagua nakala siku ile kwa akaunti yangu ya kawaida, kila kitu kilionekana sawa. Na hata tar yenye --xattrs peke yake haitoshi, kwani wakati wa kufungua hurudisha zile za watumiaji tu. Chaguo zote mbili zilizo hapa chini zinatakiwa, wakati wa kufunga na wa kufungua; amri ya kufunga ni hii:

tar --xattrs --xattrs-include='*' -cpf mwalimu.tar juu

Nimekagua pia tabaka la mwalimu wa pili. Lilikuwa na folda tatu za namna hiyo. Yeye diski yake haijahamishwa, zote ziko salama.

Jumamosi, 12 Aprili

Ramani za Mama ni bora kuliko zilizo kwenye tabaka la masomo, na haipendezi zikae kwenye mashine moja. Leo nimechukua tabaka lake la juu, nikatoa barua zake binafsi na alama za wanafunzi, nikalibana kwa mksquashfs kuwa tabaka jipya, "jiografia". Squashfs inahifadhi vifaa vya 0, 0 na sifa za ziada, na overlayfs inaviheshimu hata vikiwa kwenye tabaka la chini. Kwa hiyo ufutaji wake umesafiri pamoja na ramani:

lowerdir=jiografia:masomo:msingi

Kwenye mashine ya majaribio, iliyo na RAM kama za wanafunzi, folda ya Ramani ina ramani sita. Zile 14 bado zimo ndani ya "masomo", hazijaguswa.

Faili jipya la squashfs silinakili juu ya la zamani ilhali mashine inaendelea kulitumia. Overlayfs haitoi ahadi yoyote kama matabaka ya chini yanabadilika yakiwa yamepachikwa, na squashfs yenyewe ingesoma takataka. Nalipatia jina lenye tarehe, nabadilisha skripti ielekee huko, kisha nazima na kuwasha. La zamani nalibakiza wiki mbili.

Mashine tatu za safu ya mbele zimepokea tabaka jipya leo. Nane zilizobaki nitazifanyia Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza, na Mama ameomba awepo.